Shemeji ataka majina 10 ya waliosoma Mlimani

Mahamri_MwembeTayari, Jumapili usiku

Assalaam alaykum jamaa. Mimi humu ni msomaji tu, nikishauza na kuosha sufuria ndipo hushika simu. Leo nina haja.

Binti yangu wa pili ana digrii ya ualimu, Kiswahili na Historia. Tangu amalize angoja TSC, ile tume ya kuajiri walimu, na TSC haimwiti. Kwa sasa afundisha shule ya mtu binafsi kwa mshahara ambao sitautaja, maanake mimi na karai langu la mahamri nampita, naye ajua. Sasa ameshikwa na hamu ya kwenda Dar es Salaam, chuo kikuu kile cha Mlimani, akasome uzamili wa Kiswahili. Fomu ameshajaza, hata nauli ya basi ameulizia.

Babake ni marehemu. Wa kumtegemea kwa karo ni shemeji yangu, kakake marehemu, fundi wa mitambo bandarini. Si mchoyo, Mungu amweke, lakini ni mtu wa vipimo. Kitu kisichopimika kwake hakipo. Ijumaa alikuja baada ya sala, nikampakulia, akala, akanawa, kisha akamgeukia mtoto: "Wewe mzaliwa wa Mombasa, uende Dar kusomea Kiswahili? Si kama mtu atoke Kwale aende Nairobi kununua nazi?" Tukacheka sote. Kumbe mwenzetu hachezi. Akasema, "Nitajie watu 10 waliosoma chuo hicho wakaacha alama duniani. 10 tu. Ukinitajia, nalipa."

Mtoto kwa kujiamini akaanza na Mwalimu Nyerere. Ami yake akatoa simu, akabofyabofya, akamsomea: Nyerere alisoma Makerere, kisha Edinburgh. Mlimani alikuwa mkuu wa chuo kwa vile ni rais, lakini darasani pale hakuketi hata siku moja. Mtoto kimya. Hata chai hakuimaliza.

Ijumaa hii shemeji arudi. Nami sikusoma mbali, darasa la saba basi. Nisaidieni majina. Na zaidi ya majina, nielezeni: chuo kikitoa mtu mkubwa, ukubwa ule ni wa chuo au ni wake mwenyewe? Namjua shemeji, hilo ndilo litakalofuata.

Kijana_wa_Kisauni, Jumapili usiku

Mama shikamoo. Majina 10 ni rahisi kuliko kupata kiti cha matatu pale Buxton jioni.

Yoweri Museveni alihitimu pale 1970, ni rais wa Uganda tangu 1986. Jakaya Kikwete alisoma uchumi, akamaliza 1975, akatawala Tanzania 2005 hadi 2015. John Magufuli naye ni wa hapo hapo, alirudi akarudi mpaka akachukua shahada ya uzamivu ya kemia 2009. Na huyu ndiye wa kuanza naye kwa ami, mama, maanake utafiti wake ulihusu mafuta ya ganda la korosho, jinsi ya kuyatumia kukinga chuma kisile kutu. Fundi wa bandarini huyo! Kreni, meli, kontena, adui yao mmoja. Usianze na urais, anza na kutu.

Halafu Asha-Rose Migiro, alisoma sheria, akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 2007 hadi 2012. Issa Shivji, profesa wa sheria. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu. Hao ni 6. Wa fasihi waachie walimu, mimi fasihi ilinipiga chenga tangu kidato cha tatu.

Karani_Mahakama, Jumatatu asubuhi

Kijana, kwa Mutunga umepita mbio na hapo ndipo penye habari.

Wengi hudhani Mkenya aliyekwenda Dar miaka ile alikuwa amekwenda ugenini. La. Kuanzia 1963 hadi 1970, Makerere, Nairobi na Dar vilikuwa vyuo vya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na walikuwa wamegawana kazi. Ukitaka udaktari wa watu wapanda Kampala. Uhandisi waja Nairobi. Sheria washuka Dar. Kwa hiyo kijana wa Kitui kama Mutunga, akitaka uwakili bila kuvuka bahari, njia yake ilikuwa hiyo. Alipata shahada ya kwanza 1971 na ya pili 1974, hapo hapo Dar, na 2011 akawa Jaji Mkuu wa kwanza chini ya katiba mpya. Mimi nilikuwa karani mdogo wakati ule. Nakumbuka mawigi ya nywele za farasi yalivyowekwa kando, na jaji akawa aitwa Mheshimiwa. Na nakumbuka wazee walivyoteta juu ya kile kipini chake cha sikioni! Bado hujaingia afisini ushaulizwa, "Huyo Jaji Mkuu wenu avaa kipuli?"

Sheria yenyewe ndiyo iliyozaa chuo. Oktoba 1961, wiki chache kabla Tanganyika haijapata uhuru, walianza na kitivo cha sheria peke yake, wanafunzi hawafiki 15, ndani ya jengo la TANU, chama cha Nyerere, mtaa wa Lumumba. Kule kilimani walihamia 1964. Mwambie shemeji apime hapo: nchi yaingia uhuru, na wanasheria wake wenyewe wahesabika kwa vidole.

Nahodha_Mtongwe, Jumatatu mchana

Mwampa mama orodha ya marais kama bei ya samaki. Changu mia mbili, nguru mia nne, Museveni bei gani?

Huyo Museveni akiwa mwanafunzi Dar aliongoza kundi la vijana wa kimapinduzi. Walikuwa na Walter Rodney, yule mwalimu kutoka Guyana, wakibishana naye usiku kucha. Museveni akaenda mpaka Msumbiji kuona vita vya ukombozi vya FRELIMO kwa macho yake. Vijana wale hawakutaka kusikia habari za watu wazima wang'ang'aniao kiti. Sasa toka 1986 hesabu mwenyewe. Ukimweka kwenye sifa za chuo, weka yote.

Halafu kuna suala la Ali Mazrui, mtoto wa hapa, kazaliwa Mombasa 1933. Mtihani wa Cambridge ulimpa daraja la tatu, Makerere wakamkataa. Akawa karani pale MIOME, chuo kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Baadaye bahati ikamfungukia: Manchester akahitimu 1960, akenda Columbia, akenda Oxford. Na 1963 akaingia Makerere, si kwa mlango wa wanafunzi, kwa mlango wa walimu, akawa profesa. Mwaka 2014 alipofariki Marekani aliletwa akazikwa makaburi ya kina Mazrui, hapo karibu na Fort Jesus. Chuo kilichomkataa leo humtaja kwa fahari. Basi mama, jibu la swali lako la pili ni hilo. Mtu ni mtu. Chuo ni kituo cha basi.

Mwalimu_Kuze, Jumatatu usiku

Bi Mahamri, wa alaykum salaam. Nimesubiri wenye haraka wamalize.

Nahodha, kituo cha basi umesema vizuri, lakini kuna vituo ambapo mtu hushuka akapanda basi jingine kabisa. Nieleze yangu.

Nilisoma uzamili Mlimani 2003 hadi 2005, Kiswahili hicho hicho atakacho binti, nikitokea kufundisha hapa kisiwani. Na swali la ami yake niliulizwa na mamangu mzazi, hapa Kuze, akipepeta mchele, bila hata kuinua uso: "Wenda kufunzwa kusema?" Sikuwa na jibu. Kusema kweli nilikuwa naenda kwa ajili ya cheti na kupanda daraja la mshahara, na moyoni nilikuwa na kiburi cha mwenye mali. Lugha ni yetu, hao watatufunza nini?

Kiburi kile kilikuwa na kidonda ndani yake. Mimi nililelewa na Kimvita, lahaja ya Mombasa. Shule ya msingi niliandika "kitwa", nikachapwa, niandike "kichwa". Nikaandika "mato" badala ya "macho", nikachapwa. "Ndia" badala ya "njia", hivyo hivyo. Nikakua nikijua kwamba lugha ya mamangu ni kosa. Nani aliamua Kiunguja kiwe sanifu na Kimvita kiwe kosa? Mkutano wa 1928, na ulikaliwa wapi? Hapa hapa Mombasa! Walioketi mezani ni maofisa wa kikoloni na wamishonari. Wenye mji hawakuulizwa. Kutoka hapo ikaundwa kamati 1930, ikahamahama, mwisho 1964 ikatua Dar, ikawa taasisi ya chuo kikuu, ndiyo tuliyoiita TUKI. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilitoka huko, na hiyo ndiyo iliyokuwa juu ya meza ya mwalimu aliyenichapa.

Kwa hiyo nilipopanda basi nilikuwa kama mtu aendaye nyumbani kwa jirani aliyemchukulia kuku.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba watu walikuwa wakifanya kazi ya akili kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi magharibi. Idara ya Kiswahili pale ilianza 1970, na tangu hapo somo hili hufundishwa kwa lugha yenyewe. Mhadhiri aingia, afundisha mofolojia kwa saa mbili, abishana, atania, na neno la Kizungu hulisikii. Sisi Kenya hata mwalimu wa Kiswahili akiitwa afisini na mkuu wa shule hubadilisha lugha mlangoni, kama mtu avuaye kanzu. Kule neno kama halipo, litaundwa kabla ya Ijumaa.

Jambo la pili ni la vimbweta. Binti akifika ataviona, ni viti na meza za saruji zimetapakaa chini ya miti, watu hukaa humo kusoma. Chetu tulikuwa wanne: mimi, Mpemba mmoja, dada mmoja kutoka Korea ambaye ngeli zake zilikuwa safi kuliko zangu (aibu ile sijaisahau), na jamaa mmoja wa Ukerewe, visiwa vya Ziwa Victoria.

Jamaa wa Ukerewe alikuwa na mtume wake, Euphrase Kezilahabi. Bi Mahamri, huyu mwandike namba 7 kwa wino mzito. Alizaliwa 1944 huko Ukerewe, lugha ya mama yake ni Kikerewe. Akahitimu Mlimani 1970, na baadaye akafundisha pale pale. Mwaka 1974 akatoa diwani, Kichomi, ya mashairi yasiyo na vina wala mizani, na Pwani nzima ikawaka moto. Washairi wa kwetu walisema huyu mtu wa bara amekuja kuvunja nyumba asiyoijenga. Mimi nilikulia ndani ya moto huo. Babu yangu akisikia shairi halina kina alikuwa akiziba masikio, kweli kabisa, kwa vidole.

Usiku mmoja umeme ulikatika, tukabaki kwenye kimbweta na mbalamwezi. Mkerewe akaanza kughani mashairi ya mtu wake kwa kichwa. Mimi na Mpemba tukaangaliana. Mpemba akasema, "Hilo si shairi, hiyo ni barua iliyokosa bahasha." Tukacheka mpaka mlinzi akaja. Mkerewe hakucheka. Akasema, na hili nalikumbuka kwa maneno yake: "Ninyi lugha hii mlipewa na mama zenu. Sisi tulipewa na shule. Tukiingia nyumbani kwenu tutavua viatu, haya. Lakini na namna ya kulala mtupangie?"

Sikumjibu usiku ule, wala Mpemba hakumjibu. Kesho yake tulirudi kubishana, tukaendelea miaka 2. Sikuacha kupenda arudhi, zile kanuni za vina na mizani. Hata leo shairi lisilo na kituo naliona kama mlango usio na komeo. Lakini niligundua kwamba mimi niliyelia kwa kuchapwa "kitwa" ndiye niliyekuwa nimeshika fimbo kumchapa Mkerewe.

Niliporudi nikapangiwa shule upande wa Kisauni. Mwaka wa pili mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akaniletea shairi. Babake alikuwa mchuuzi wa maji pale feri ya Likoni. Halikuwa na kina hata kimoja. Lilisema babake hahesabu saa wala siku, ahesabu feri: amekwenda kazini feri mbili kabla ya jua, amerudi feri ya mwisho, na siku alipougua feri zilipita bila kuhesabiwa. Kabla ya Dar ningelipiga mstari mwekundu mrefu na kuandika "Hakuna vina. Rudia." Nilimpa 16 kwa 20, nikamwita ubaoni awasomee wenzake. Kulikuwa na wavulana 43 darasani, na wavulana mwajua walivyo, nao walinyamaza.

Yule kijana hakuwa mshairi. Ni fundi wa friji Changamwe. Akinipigia simu huniita Mwalimu wa Barua, maana nilimsimulia kisa cha kimbweta.

Sasa mwambie shemeji apime hilo kwa futi yake. Mtu wa kisiwa cha ziwani asoma Dar, aandika kitabu 1974, na miaka 30 na zaidi baadaye mtoto wa mchuuzi wa feri apata alama zake. Leo mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, huletewa shairi huru kwenye karatasi ya fasihi na hakuna anayeshtuka. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Hakuwa rais wa kitu chochote.

Kwa swali lako la pili, Bi, mimi nasema ukubwa ule si wa chuo wala si wa mtu, ni wa ule ubishi. Mazrui mwenyewe, Nahodha, alipokuwa Makerere alisimama 1970 kubishana na Rodney mbele ya umma, na watu wanakumbuka mpaka leo. Angekuwa peke yake chumbani Oxford angebishana na nani? Na usisahau Abdilatif Abdalla, wa hapa Mombasa, aliyefungwa miaka 3 kwa kuandika waraka wa kuuliza Kenya yaenda wapi. Alipotoka 1972 ni TUKI iliyompokea, akakaa huko akifanya kazi ya lugha mpaka 1979. Huyo hakuwa mwanafunzi wao, kwa hivyo kwenye orodha ya shemeji hatapita, lakini mimi namtaja. Kamusi ile niliyoichukia ina jasho la Mmvita ndani yake. Nilipolijua hilo nilikaa nayo nikaifungua upya.

Namba 8, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, mwandishi wa Kinjeketile, tamthilia ya vita vya Maji Maji, 1969. Namba 9, Penina Muhando Mlama, mwandishi wa tamthilia na profesa wa sanaa za maonyesho, aliyeipeleka michezo ya kuigiza vijijini na baadaye akaongoza shirika la FAWE la elimu ya wasichana Afrika. Namba 10 siijazi. Mwenye orodha ndefu hashawishi kuliko mwenye kisa.

Ya vitendo: kibali cha mwanafunzi ashughulikie mapema, asingoje kufika mpakani Lunga Lunga. Ajifunze kuamkia, kule "shikamoo" haina mapumziko. Akisikia mtu ana "sapu" asidhani ni chakula, ni mtihani wa kurudia, na "kudisko" si kucheza ngoma, ni kufukuzwa chuo kwa kufeli. Chipsi mayai ale kwa kiasi. Akirudi na cheti akipeleke CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, kitambuliwe kabla hajaanza kuomba kazi.

Nahodha_Mtongwe, Jumanne alfajiri

Mwalimu, kituo cha basi naondoa. Museveni simwondoi, abaki na hesabu yake.

Karani_Mahakama, Jumanne asubuhi

Namba 10 mimi najaza kwa ruhusa ya Mwalimu: John Garang wa Sudan Kusini. Alipitia Dar akiwa kijana mtafiti, wakati ule ule wa Museveni na Rodney, ingawa digrii yake ya kwanza ni ya Marekani. Shemeji akikataa, atakuwa na haki.

Mahamri_MwembeTayari, Ijumaa usiku

Jamaa, nimerudi. Leo sikukaanga, nilipika biriani ya kuku, maanake vita havipiganwi na mahamri.

Mtoto alijiandaa kuliko siku ya mtihani. Alianza na kutu kama alivyosema Kijana wa Kisauni. Shemeji akaweka kijiko chini. "Ganda la korosho?" Ndiyo ami. "Lile liunguzalo mikono?" Ndiyo. Akauliza mafuta yapakwa vipi, chuma gani, yadumu miaka mingapi baharini. Mtoto hajui, mimi nijue? Tukapoteza nusu saa hapo. Nadhani akirudi kazini Jumatatu atawasumbua wenzake.

Museveni alimfuta. Sababu zake sitazieleza humu. Garang akamfuta kwa sababu ile ile aliyoisema Karani. Mutunga alimkubali, lakini kwanza tukajadili kipuli mpaka biriani ikapoa. Migiro alimkubali bila neno. Alipofika kwa Kezilahabi, mtoto hakutaja miaka wala vitabu. Alisoma hicho kisa cha Mwalimu kwenye simu, chote, mpaka kwa mchuuzi wa maji. Shemeji akiwa mdogo alivuka Likoni kila siku kwenda shule, mnajua? Mimi nilikuwa nimesahau. Akauliza, "Feri ya mwisho wakati ule ilikuwa saa ngapi?" Kisha akanyamaza.

Mwisho majina yalibaki 8. Mtoto akadhani ameshindwa, macho yakawa mekundu. Shemeji akasema 8 kwa 10 ni asilimia 80, na bandarini mtambo ukiwa asilimia 80 haufungwi. Atalipa muhula wa kwanza, wa pili tuone matokeo. Hiyo "sapu" ameshaijua, kwa hivyo binti hana pa kujificha.

Mwalimu, ana swali moja kwako, ameniambia nikuulize hapa hapa: yule mwenzako wa Ukerewe bado mwazungumza? Na mimi nina langu: mahamri yakifungwa vizuri yatafika Dar bila kuchacha?

Mwalimu_Kuze, Ijumaa usiku

Twazungumza. Ni mhadhiri sasa, Mwanza. Bado hatujakubaliana.

Mahamri yatafika, lakini usiyafunge yakiwa moto. Yaache yapoe usiku kucha, uyatie kwenye kikapu cha ukili, si mfuko wa plastiki, ule hata mpakani utamletea maneno. Mbaazi mwambie aziache, kule wanazo.